Babu Aliyekufa Mara Mbili

Tulimwacha Chanuo kwenye kaunta ya jengo la nyaraka za jeshi, mdomo wazi, baada ya mzee mtunza mafaili kumtamkia maneno matatu: "Babu alifia vitani." Msomaji mmoja ametuma ujumbe kulalamika kwamba si ungwana kumwacha mtoto wa watu amesimama wiki nzima. Tumesikia. Amekaa.

Alivuta kiti, akaweka mkoba mapajani, akameza mate.

"Rudia, mzee."

"Alifia vitani, ng'ambo, akazikwa huko huko. Imeandikwa na imepigwa muhuri."

"Babu yangu alifia kitandani kwake, mimi nikiwa darasa la sita. Nilikuwa chumba cha pili. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba chai imepoa."

Yule mzee, ambaye Chanuo alishambatiza Miwani Mbili kwa kuwa moja ilikaa puani na nyingine utosini, hakushtuka. Mtu aliyezeekea kwenye mafaili ya jeshi hashtuki ovyo.

"Basi alikufa mara mbili, binti yangu. Wala si wa kwanza. Ninaye mmoja humu ndani alikufa, akapandishwa cheo, akafa tena."

Kwa anayeisoma hadithi hii leo kwa sababu gazeti limefungiwa sabuni yake, tumweleze kwa kifupi. Chanuo ni msusi, ana saluni ya vioo viwili na mdomo usiojua likizo. Aliyemtuma huku ni baba yake mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Jenerali. Jenerali hajawahi kuvaa gwanda hata la kuazima. Alisoma mita za maji mpaka akastaafu. Lakini alilelewa na shujaa wa vita, na ushujaa wa baba yake ameuvaa yeye. Jumamosi ukoo unakutana kuzindua jiwe jipya kaburini kwa babu. Fundi wa mawe ameshachonga jina, kaacha nafasi ya cheo na nishani.

Chanuo alikuja kuchukua cheo. Amepewa maiti.

"Soma alivyokuwa," akasema. "Jeshi si huandika mtu alivyo, ili asije akabadilishwa njiani?"

Miwani Mbili alishusha miwani ya utosini, akapandisha ya puani. "Urefu, futi sita na inchi mbili."

Chanuo akacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka. "Mzee, nyumbani kwao vyombo vya juu ya kabati aliyekuwa akiviteremsha ni bibi. Babu alikuwa akisimama chini kutoa maelekezo."

"Mkimya. Hapendi mzaha."

"Huyo simjui kabisa." Chanuo alishainuka, mkoba begani, moyo mwepesi. "Majina yamefanana tu. Nitafutie wa kwangu, mfupi, msemaji."

"Kaa kwanza. Kuna jina la mke hapa."

Akalisoma. Lilikuwa la bibi, lote, pamoja na lile jina la utotoni ambalo bibi huwa hataki litajwe mbele za watu.

Chanuo akakaa kwa mara ya pili.

"Nani alileta taarifa kwamba amekufa?" akauliza taratibu.

Miwani Mbili alifuata mstari kwa kidole. "Mchunga nyumbu wa kikosi, wale wanyama wa kubeba mizigo. Ndiye aliyemuuguza. Na ndiye aliyekabidhiwa vitu vya marehemu avifikishe kwa mjane."

Wakatazamana. Yule mzee, ambaye mwanzoni mwa hadithi hii alikuwa hainuki kitini hata kwa wakubwa wake, aliinuka. Akapotelea katikati ya rafu. Zilisikika chafya tatu, kisha akarudi amekumbatia faili nene, limefungwa kwa kamba.

"Watu wema huwa na mafaili membamba," akasema, akafungua kamba. "Haya. Mchunga nyumbu. Urefu, futi tano na inchi moja."

Chanuo hakucheka.

"Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakina ukucha. Aling'atwa na nyumbu."

Hapo Chanuo akajishika shavu bila kujua. Kidole kile kisicho na ukucha ndicho kilichokuwa kikimfinya shavu hili kila alipoleta ripoti mbaya ya shule. Babu alikuwa akisema ukucha ule uling'olewa na risasi. Jenerali alikuwa akisema ni bomu.

"Soma yote, mzee. Usiniruke hata mstari."

"Sehemu kubwa ni orodha ya adhabu." Miwani Mbili alikohoa. "Alimpigia nyumbu saluti mbele ya afisa. Adhabu, kuchota maji. Alimwita nyumbu Bwana Meja mbele ya Bwana Meja mwenyewe. Adhabu, kuchota maji na kukatwa tumbaku. Aliulizwa kwa nini anarudia kosa, akajibu kwamba nyumbu ndiye aliyeanza kupiga saluti. Adhabu, mahabusu."

"Huyo ndiye," Chanuo akasema. "Huyo ndiye babu yangu."

"Pole. Au hongera, sijui." Akafunua karatasi ya mwisho, na safari hii akavua miwani zote mbili. "Aliporudishwa pamoja na wenzake, meli ilipotia nanga, walipelekwa kambini kusubiri kuruhusiwa. Yeye hakusubiri. Ametoroka. Hajawahi kupatikana."

"Kwa hiyo mpaka leo anatafutwa?"

"Hakuna aliyefuta."

Chanuo aliangalia dari. Babu yake, fahari ya ukoo, mtu ambaye picha yake imetundikwa juu kuliko ya harusi ya mtu yeyote, alikuwa mtoro mwenye jina la marehemu.

"Na huyu mrefu," akauliza kwa matumaini yaliyobaki, "yeye angalau alikufa akipigana?"

"Kuhara damu. Kikosi kilikuwa hakijasogea hata hatua moja mbele. Bunduki yake ilirudishwa ghalani safi kama ilivyotolewa."

Mashujaa wote wawili wakawa wamekwisha kwa asubuhi moja. Chanuo akaandika namba yake ya simu na anwani kwenye kitabu cha wageni, kama alivyoombwa, akatoka nje akiwa na nakala mbili kwenye mkoba na kichwa kizito.

Alipofika kwa bibi alimkuta Jenerali uani amewapanga wajukuu mistari miwili, anawafundisha gwaride la Jumamosi. Alitoa amri ya kugeuka kulia. Nusu yao waligeuka kushoto, mmoja akakaa chini.

Jenerali alikuwa mtu mrefu kupita milango yote ya nyumba ile. Shangazi zake Chanuo na marehemu baba yake walikuwa watu wa kuruka wakitaka kuwasha taa. Kwa miaka yote hiyo ukoo mzima ulikuwa umeliona jambo hilo, na ukoo mzima ulikuwa umesema ni lishe.

Chanuo alimtazama baba yake mkubwa kuanzia viatu hadi kofia.

"Leta habari," Jenerali akasema. "Kapteni au meja? Fundi wa mawe ananisubiri kwenye simu."

"Bado wanatafuta, Baba Mkubwa."

"Wanatafuta nini? Mtu mkubwa vile anatafutwa?"

"Anatafutwa sana," Chanuo akajibu, na wala hakudanganya. "Niache kwanza nimsuke bibi. Jumamosi atapigwa picha."

Bibi alikuwa chumbani kwake, ameketi kwenye kigoda kando ya dirisha. Umri wake ulikuwa unaikaribia mia, ila akiulizwa husema ameacha kuhesabu kwa kuwa hesabu zinamchosha. Chanuo akakaa kitandani nyuma yake, akazifumua nywele nyeupe, akachukua kitana, akaanza upande wa kulia. Kwa msusi, hiyo ndiyo namna ya kumhoji mtu. Kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwako hakiwezi kukimbia.

"Bibi, mume wako alikuwa mrefu kiasi gani?"

Bibi hakugeuka. Mabega yake ndiyo yaliyoshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Yupi?" akauliza.

Kitana kikasimama.

"Endelea kusuka, mjukuu wangu. Ukiacha nitanyamaza." Chanuo akaendelea. Bibi akashusha sauti. Sasa lazima tueleze jambo moja: tangu masikio yamzibe, bibi hunong'ona kwa sauti ya mpiga mnada. Yeye mwenyewe hajui, na hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kumwambia.

"Yule wa kwanza nilipewa," akanong'ona, na kuku uani wakatawanyika. "Alikuwa mrefu, mzuri, na hana neno. Tuliishi mwaka mzima, sijui kama aliwahi kunitaja kwa jina. Akachukuliwa vitani. Nikabaki na mtoto mchanga kwa wakwe. Wakwe wakanifukuza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa najibu. Nikaja huku mjini na mtoto mgongoni, nikawa nafua nguo za watu. Hapa hakuna aliyemjua mume wangu. Walijua tu kwamba nina mume askari, na kila siku waliniuliza anarudi lini. Maswali hayo yanachosha kuliko kufua."

Chanuo alisuka bila kuona anachosuka.

"Siku moja akaja mtu mfupi na furushi. Ndani kulikuwa na mkanda, wembe na shati. Akaniambia mume wako amefariki, mimi ndiye niliyemfumba macho, na alikufa akikutaja. Nikamwambia, baba, usinidanganye. Yule mtu nikiwa mbele yake hakunitaja, leo anitaje akiwa ng'ambo? Akatazama chini. Akasema kweli, hakukutaja, alikuwa anaomba maji tu, lakini nimetembea njia yote hii natunga maneno, niruhusu basi niyamalizie."

"Ukamruhusu?"

"Nilicheka. Mimi, mjane wa dakika ile, nilicheka mpaka nikakaa chini. Na mtoto alikuwa anatambaa, akamfuata, akamshika kiatu. Yule mfupi akamnyanyua hata kabla sijamkaribisha kiti. Jirani akachungulia mlangoni, akauliza, mume amerudi? Nikatazama yule mtoto alivyomng'ang'ania shingoni. Nikasema, ndiyo, amerudi."

"Bibi."

"Alikuwa anatafutwa na jeshi. Jina lake lilikuwa na balaa na la marehemu lilikuwa halina kazi. Tukakubaliana jioni ile ile. Nilimwambia akae mpaka mvua ziishe. Mvua ziliisha mara ngapi mpaka anakufa, sikumbuki."

Chanuo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuchagua. Ndipo alipoona kivuli sakafuni. Kilikuwa kirefu, kimekatika mara mbili, sakafuni na ukutani.

Jenerali alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nyuma yake, uani, wajukuu wote walikuwa wamesimama wima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Huyo mtoto aliyekuwa anatambaa," akasema Jenerali, "ni mimi?"

Bibi akamgeukia. Hakujifanya hajasikia, ingawa kisingizio alikuwa nacho.

"Ni wewe, mwanangu."

"Kwa hiyo baba yangu ni yule mrefu."

"Aliyekuzaa, ndiye."

Jenerali aliingia, akainama mlangoni kwa mazoea, akakaa kwenye ukingo wa kitanda karibu na Chanuo. Kitanda kikalia. Akawa anaizungusha kofia mkononi, na Chanuo aliuona uso wake ukijaribu kusimama sawasawa na kushindwa.

"Nani alinifundisha baiskeli?"

"Mfupi."

"Nilipougua surua, nani alilala chini ya kitanda changu?"

"Mfupi. Na akaambukizwa, nikawauguza wawili."

"Na aliyekuwa akinipigia saluti kila asubuhi nikienda shule?"

"Mfupi huyo huyo. Nilimkataza, nikamwambia utamharibu mtoto atajiona mkubwa." Bibi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Nilisema kweli."

Chanuo alijiuma mdomo. Alijua nani mwingine aliwahi kupewa heshima hiyo ya saluti, na alijua pia kwamba zipo siku za kusema mambo na siku za kuyameza. Akammeza nyumbu mzima.

Lakini Jenerali hakuwa mtu wa kulala chini muda mrefu. Mgongo ukaanza kunyooka. Kidevu kikapanda.

"Hata hivyo," akasema, "tukilitazama jambo hili kwa utulivu, mimi bado ni mtoto wa shujaa. Mimi peke yangu, katika ukoo huu. Alifia vitani. Damu ya mtu aliyeanguka mbele ya adui inatembea humu." Akajigonga kifua. "Chanuo, karatasi zinasemaje? Alikufaje?"

Chanuo aliutazama mkoba wake. Nakala zilikuwa zinachungulia. Alimpenda baba yake mkubwa, pamoja na kelele zake zote. Ndiye aliyemlipia mafunzo ya ususi baba yake alipofariki, na hakuwahi kumkumbusha hata mara moja, jambo la ajabu kwa mtu anayekumbusha kila kitu. Angeweza kusema risasi. Angeweza kusema bomu. Nani angekwenda kuhakiki?

"Tumbo, Baba Mkubwa," akasema.

"Risasi ya tumbo?"

"Tumbo lenyewe. Kuhara. Kikosi kilikuwa bado kambini."

Mjukuu mmoja uani akaguna, akapigwa kiwiko na mwenzake.

Kitu kilianza kutikisika kwenye mabega ya Jenerali. Chanuo akamshika mkono, akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka kweli, na hapo ikawa vigumu kujua kipi ni kipi. Bibi naye akaingia. Chanuo akafuata. Watu watatu wa umri wote huo walikaa chumbani wakiwacheka marehemu wawili, na hakuna aliyemkemea mwenzake.

Mwisho Jenerali akapangusa uso kwa kofia, akatoa simu, akampigia fundi wa mawe.

"Ile nafasi ya cheo," akasema. "Ndiyo, nimepata. Andika, Baba." Akasikiliza. "Hapana, si kifupisho cha kitu. Baba, basi. Na jina ulilochonga liache kama lilivyo. Alilitumia vizuri kuliko mwenyewe."

Akakata simu. Bibi akamshika goti.

Hapo tungeweza kuwaacha na amani yao, na wiki hii mngelala vizuri. Lakini simu ya Chanuo ikaita.

Ilikuwa namba ya jengo la nyaraka. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya nywele, akabonyeza kipaza sauti kwa kiwiko. Sauti ya Miwani Mbili ikajaa chumbani.

"Binti yangu, samahani sana. Kuna jambo nilipaswa kulitafakari kabla sijafungua mdomo, nami nimelitafakari baada."

"Jambo gani, mzee?"

"Kuna mama mmoja, mtu mzima, huja hapa kila mwaka kuuliza juu ya yule mchunga nyumbu. Kila mwaka namjibu kwamba hajapatikana, ananishukuru, anaondoka. Amekuja leo, umepishana naye kidogo tu. Faili bado liko mezani. Akaniuliza kama kawaida. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilikuwa na jibu. Furaha ikanizidi, nikamwambia amepatikana."

Chanuo akaisogelea simu. "Huyo mama ni nani?"

"Ni binti yake. Alimwacha tumboni alipokwenda vitani. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi, na wewe una mwandiko mzuri sana. Amesoma anwani yako akiwa amesimama."

Jenerali alikuwa ameshainuka. "Anataka nini?" akauliza kwenye simu.

"Anasema wanakuja kumchukua baba yao. Mifupa na kila kitu. Wakamzike kwao, kwa jina lake halisi. Nikamwambia nenda taratibu, zungumzeni kwanza kama ndugu. Akasema yeye angekuwa na subira, ila si yeye mwenye uamuzi."

"Ni nani basi mwenye uamuzi?"

Miwani Mbili akashusha pumzi, na pumzi ile ilisikika chumba kizima.

"Mama yake. Mke wa mchunga nyumbu. Hakuwahi kuolewa tena. Alikuwa nje kwenye gari, mkongojo mkononi, anauliza mbona tunachelewa. Wameondoka hapa muda mrefu, binti yangu. Nimekuwa nikikupigia, simu haipatikani."

Nje, mbele ya nyumba, gari likasimama. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Kisha wa pili, ukachukua muda mrefu kufunguka, kama inavyokuwa kwa abiria mzee.

Jenerali akamtazama mama yake. Chanuo akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa ameketi, mikono mapajani, nusu ya kichwa mistari mizuri, nusu nyingine nywele zimetawanyika kama moshi. Aliutazama mlango kwa macho ya mtu anayesubiri mgeni aliyemtarajia maisha yake yote.

"Mama, ulijua?" Jenerali akauliza. "Ulijua kwamba ana mke?"

Mkongojo ukagonga mlango wa mbele.

"Mkaribisheni, mpeni kiti kizuri," bibi akasema, akakirudisha kichwa chake mikononi mwa Chanuo. "Na wewe maliza upande huu upesi. Siwezi kumpokea mke mwenzangu nikiwa nimesukwa nusu."